SOMO: MAJI YA MVUA YATEMBEE, YASIKIMBIE
Namna ya kulinda udongo na maji katika kiwanja cha mita 30 kwa 30



Siku mvua kubwa itakaponyesha, subiri ikatike, kisha toka nje uangalie maji yanayopita kando ya nyumba yako. Hayatakuwa maji meupe. Yatakuwa mekundu au ya kahawia, mazito kama uji. Rangi ile ni udongo wa juu wa mashamba yetu, wenye rutuba kuliko udongo wote ulio chini yake. Unaondoka kwenda bondeni, na hakuna atakayeurudisha.

Huenda mtu akauliza: hii ni karatasi ya afya, mbona inafundisha kilimo? Tuna sababu tatu.

Kwanza ni chakula. Mgao wa WFP kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa mwaka 2020, ukapunguzwa tena mwaka 2021, na mwaka 2023 familia zikagawanywa katika makundi kulingana na hali yao. Mgao ukipungua, kinachobaki kati ya mtoto na utapiamlo ni kile kinachoota nyuma ya nyumba.

Pili ni uchafu. Maji yanayokimbia juu ya ardhi hayachagui njia. Hupita vyooni, majalalani na penye mbuzi, kisha huingia katika chemchemi na visima visivyofunikwa. Kuhara kwa watoto huongezeka wakati wa mvua kwa sababu hiyo.

Tatu ni kiangazi. Tone lililoingia ardhini mwezi wa nane linaweza kuonekana tena kisimani mwezi wa kwanza. Tone lililokimbia limekwenda Nile, halitusaidii tena.

Kwa hiyo somo la leo lina neno moja tu: maji ya mvua yatembee, yasikimbie.

NCHI TUNAYOKAA

Rhino Camp ilifunguliwa mwaka 1980. Lobule, katika wilaya ya Koboko, ilianza kupokea ndugu kutoka Kongo mwaka 2013. Imvepi, iliyokuwa na wakimbizi tangu miaka ya 1990, ilifunguliwa upya mwaka 2017 wakati watu wengi walipokimbia vita vya Sudan Kusini. Zamani Rhino Camp na Imvepi zote zilihesabiwa katika wilaya ya Arua. Leo ziko katika wilaya za Madi-Okollo na Terego, zilizokatwa kutoka Arua.

Ardhi hii ni ya wenyeji, nao wanajua ukimbizi ni nini. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, na Sudan. Wengi walirudi katika miaka ya 1980 wakakuta mashamba yamekuwa pori, wakaanza upya kwa jembe.

Familia nyingi zilizofika kuanzia mwaka 2016 zilipewa kiwanja cha mita 30 kwa mita 30. Humo ndani mna nyumba, jiko, choo, bafu na bustani. Kiwanja hakiongezeki. Udongo wake ukiondoka, hakuna pa kuhamia.

Mipango ya kuhifadhi udongo imekuwapo. Mwaka 1999 serikali na UNHCR walianza Mkakati wa Kujitegemea katika wilaya za Moyo, Arua na Adjumani, ili mkimbizi alime badala ya kungoja mgao peke yake. Baadaye ukaja mradi wa DRDIP wa Ofisi ya Waziri Mkuu, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2016. Mradi huo ulihusu wilaya zinazopokea wakimbizi, Arua na Koboko zikiwamo. Sehemu yake moja ilikuwa kuwalipa watu kwa kazi za mikono za kulinda mazingira. Karibu na mji wa Arua kipo pia kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi, kinachoshughulikia mazao ya eneo hili.

Lakini mradi una mwanzo na una mwisho. Mtaro uliochimbwa kwa malipo, malipo yakiisha na mtu asiyejua kazi yake akauacha, hujaa mchanga katika misimu michache. Kinachodumu ni kile ambacho mwenye kiwanja anakielewa na kinamlisha. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

TUPIGE HESABU

Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mvua inaponyesha. Mvua ikikatika, pima kina cha maji kwa rula. Tuseme ni milimita 40, yaani mvua kubwa ya alasiri moja.

Kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiwanja cha mita 30 kwa 30 kina mita za mraba 900. Zidisha 900 kwa 40: ni lita 36,000. Ukizitia katika jerikani za lita 20, utajaza jerikani 1,800.

Sasa tuseme nusu ya maji hayo yamekimbia kwa sababu ardhi iko wazi na imekuwa ngumu. Umepoteza jerikani 900 kwa alasiri moja. Familia ya watu sita, kila mmoja akipata lita 20 kwa siku, hutumia jerikani 6 kwa siku. Jerikani 900 ni maji ya siku 150, yaani miezi mitano.

Hatusemi kwamba utayanywa maji hayo. Tunasema kwamba mahindi, maharage na mchicha wako wangeyanywa. Mtu analalamika kuwa jua limeua mahindi wiki mbili baada ya mvua kubwa, kumbe kilichoyaua ni maji yaliyopita mlangoni bila kusimamishwa.

WALIOFANYA KABLA YETU

Njia moja tutakayofundisha inaitwa fanya juu, na wataalamu wa nchi nyingine hulitumia jina hilo hilo la Kiswahili. Imeenea hasa kutoka Ukambani, wilaya ya Machakos, nchini Kenya. Habari ya Machakos inafaa tuijue, kwa sababu sisi nasi tunaambiwa mara nyingi kwamba watu wakiwa wengi ardhi lazima ife.

Mwaka 1937 ofisa wa kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti iliyoonyesha Machakos kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Serikali ya kikoloni ikaamua kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kupinga. Kazi za matuta zilizoamriwa na wakoloni zilichukiwa pia.

Baadaye watu wale wale walichimba matuta kwa hiari yao, wengi wakiwa katika vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya. Walipata soko la mazao, na waliona kwamba shamba lenye matuta linazaa kuliko lisilo nayo. Katika miaka ya 1930 Machakos ilikuwa na watu karibu robo milioni. Kufikia mwaka 1990 walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Watafiti waliopima walikuta mmomonyoko umepungua na miti imeongezeka, ingawa watu wameongezeka mara tano.

Tunajifunza mambo mawili. Wingi wa watu peke yake hauui ardhi. Na kazi ya udongo haifai kuamriwa. Mtu hufanya anapoona faida, na hufanya vizuri zaidi akiwa na jirani.

HATUA YA KWANZA: TAFUTA MSTARI WA USAWA

Kosa kubwa ni kuchimba kwa kukadiria kwa macho. Macho hudanganya. Mtaro ulioinama hata kidogo hugeuka kuwa mfereji, ukayakusanya maji na kuyapa nguvu zaidi. Lazima mstari uwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kifaa chake ni fremu ya A, na hakina gharama.

1. Tafuta miti miwili iliyonyooka yenye urefu sawa, mita 2 hivi. Ifunge pamoja upande wa juu, kisha panua miguu.

2. Funga mti wa tatu katikati ukilala, ili fremu ionekane kama herufi A.

3. Funga kamba pale juu, na mwisho wa kamba ufunge jiwe. Kamba ipite mbele ya mti wa katikati, jiwe lining'inie chini yake. Hiyo ndiyo timazi yako.

4. Simamisha fremu chini. Weka alama ardhini pale kila mguu ulipokanyaga, kisha chora alama kwenye mti wa katikati pale kamba inapogusa.

5. Geuza fremu, mguu wa kushoto uende kwenye alama ya kulia na wa kulia uende kwenye alama ya kushoto. Chora tena pale kamba inapogusa. Katikati ya alama hizo mbili, chora alama ya tatu kwa wino au kwa kisu. Hiyo ndiyo alama ya usawa.

Sasa nenda upande wa juu wa kiwanja. Piga kijiti cha kwanza pembeni na uweke mguu mmoja wa fremu hapo. Sogeza mguu wa pili juu au chini mpaka kamba itulie kwenye alama ya usawa. Piga kijiti kingine pale mguu wa pili ulipo, kisha endelea hivyo mpaka upande wa pili wa kiwanja. Usipime siku ya upepo, kwa maana kamba haitatulia.

Mstari hautanyooka kama barabara ya lami. Utapinda kufuata ardhi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Katika kiwanja chenye mteremko mdogo, mistari miwili inatosha: mmoja karibu na mpaka wa juu, mwingine katikati. Mteremko ukiwa mkali, weka mitatu. Anza daima na ule wa juu. Maji hushikwa yangali machache. Ukiyangoja chini, utakutana nayo yakiwa mengi na yenye hasira.

HATUA YA PILI: CHAGUA KINGA INAYOFAA UDONGO WAKO

Penye udongo mwekundu unaoshikamana, fanya mtaro wa fanya juu. Chimba kufuata vijiti, upana sentimita 50 na kina sentimita 50. Udongo unaouchimba utupe upande wa juu, ndiyo maana ya jina lake, uwe tuta. Acha nafasi ya upana wa kiganja na nusu kati ya tuta na mtaro, ili udongo usirudi ndani. Kila baada ya mita 5 acha kizuizi kidogo cha udongo ndani ya mtaro, ili maji yasitembee kwenda upande mmoja. Mtaro wa mita 30 wa namna hii hubeba lita 7,500 kwa mara moja, yaani jerikani 375. Baada ya misimu kadhaa, udongo unaoteremka hujikusanya juu ya tuta na shamba huanza kuwa tambarare lenyewe.

Penye mchanga mwingi, kama sehemu zilizo karibu na Nile, mtaro hubomoka. Hapo panda mistari ya majani kufuata vijiti, mashina yakae karibu karibu. Matete hulisha mbuzi. Mchaichai huuzwa na hunywewa. Vetiva ina mizizi mirefu iendayo chini, wala haisambai shambani.

Penye mawe, usiyatupe barabarani. Yapange kufuata vijiti, makubwa chini na madogo juu, yazame kidogo ardhini. Maji yatapita katikati ya mawe polepole na kuacha udongo nyuma.

Juu ya kila tuta panda mbaazi. Mizizi yake inashika udongo, majani yake yanarutubisha, punje zake ni chakula cha kujenga mwili, na fito zake kavu ni kuni.

HATUA YA TATU: FUNIKA ARDHI

Tone la mvua likipiga udongo ulio wazi, hupasua punje na kuziba matundu ambayo maji yangeingilia. Likipiga majani makavu kwanza, huteremka kwa upole. Kwa hiyo usichome mabua ya mahindi na mtama. Yalaze shambani kati ya mistari ya mazao. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili mchwa asihamie kwenye mmea. Mchwa akila matandazo, usihuzunike sana: vijia anavyochimba hupitisha maji kwenda chini.

Matuta ya viazi vitamu yakate mteremko, yasishuke nao. Kunde na maboga yapandwe chini ya mahindi ili yatandae.

TAHADHARI ZA AFYA

Kazi hii ikifanywa vibaya inaweza kuleta ugonjwa, kwa hiyo zingatieni haya:

- Maji ndani ya mtaro yanatakiwa yaishe kwa siku mbili au tatu. Mbu huhitaji wiki moja au zaidi kutoka yai hadi kuruka. Maji yakikaa siku tano, fungua njia yatoke, au panua mtaro na kupunguza kina.

- Usichimbe mtaro juu ya choo karibu nacho. Maji yatapenya shimoni, choo kitajaa au kuanguka. Badala yake jenga kituta kidogo kuzunguka upande wa juu wa choo, maji yapite pembeni.

- Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, tena kiwe upande wa chini. Kwa kuwa viwanja vyetu ni vidogo, pima pia umbali wa choo cha jirani, si chako peke yake.

- Juu ya chemchemi chimbeni mfereji wa kugeuza maji ya mvua, na acheni majani na miti hapo. Msilime wala msifungie mbuzi juu ya chemchemi.

- Maji yanayomwagika bombani yaelekezwe kwenye migomba au kitalu cha mchicha. Maji ya chooni yasielekezwe kwenye mboga kamwe.

- Wazazi, mtaro wenye maji ni hatari kwa mtoto mdogo. Karibu na mlango weka mstari wa majani, usichimbe.

"LAKINI ARDHI SI YANGU"

Swali hili huulizwa, nalo ni la haki. Kwa nini nitoe jasho kwa ardhi niliyoazimwa, ambayo huenda nikaiacha kesho?

Jibu letu ni hili: chagua kinacholipa msimu huu huu. Matandazo hayahitaji hata shilingi na faida yake utaiona kabla ya kuvuna. Mstari wa matete unaanza kulisha mbuzi katika msimu wake wa kwanza. Mbaazi nyingi huvunwa ndani ya mwaka mmoja. Ukiondoka, umekwisha kula.

Kama umekodi au kuazimwa shamba nje ya kambi, zungumza na mwenye shamba kabla ya kuchimba mtaro au kupanda mti. Mti uliopandwa bila ruhusa unaweza kuonekana kama dai la ardhi. Kaeni naye mbele ya mwenyekiti wa LC1 na mjumbe wa baraza la wakimbizi, mkubaliane muda wa kulima, nani atavuna matunda, na miti gani isikatwe. Mti wa mafuta ya shea usiukate kabisa. Ni mali ya familia za wenyeji na huchukua miaka mingi kuzaa. Ugomvi mwingi wa kuni na miti ungezuiwa na mazungumzo ya saa moja.

MAJI HAYAJUI MPAKA

Mwisho, kumbuka kwamba maji yanayoharibu kiwanja chako yameanzia kwa jirani wa juu, na yale unayoyaachia wewe yanamwangukia jirani wa chini. Mtaro wako ukijaa lazima uwe na mlango wa kutokea, uliowekwa mawe na majani. Mlango huo usielekee nyumba ya mtu wala barabara. Bila kukubaliana na jirani, mtaro mzuri huzaa kesi.

Tunashauri majirani kumi wa mteremko mmoja, wakimbizi na wenyeji pamoja, waunde kikundi. Tengenezeni fremu moja. Anzeni kwa kiwanja cha juu kabisa, hata kama mwenye nacho ni mjane au mzee asiyeweza kuchimba, kwa maana maji yake ni maji yenu wote. Mkimaliza, shukeni cha pili. Wakati mzuri ni mwezi wa pili na wa tatu, kabla mvua hazijakolea. Wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita VHT, wanaweza kuwasaidia kuangalia vyoo na visima mnapopanga mistari.

Haba na haba hujaza kibaba. Mstari mmoja mwaka huu, wa pili mwakani.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mvua ikinyesha, maji ya mtaa wetu yanaanzia wapi na yanaishia wapi? Yanapita vyoo vingapi kabla ya kufika kisimani?

2. Ukipata milimita 25 kwenye kopo, ni jerikani ngapi zimeanguka katika kiwanja cha mita 30 kwa 30? (Jibu: 1,125.)

3. Kwa nini tunaanza na mstari wa juu na si wa chini?

4. Nani kati yetu ana kiwanja cha juu kabisa, na tutaanza kwake siku gani?